Jipu Kwenye Figo ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipokuja kwetu Igogo alileta jogoo, mchele wa kwao Magu ndani ya mfuko wa sandarusi, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kulisha ukoo mzima. Alisema amesikia mjini watu wanakula maneno. Hakuniambia mimi. Alimwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia, na mimi nikacheka nikiwa nimegeukia ukutani. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, mimi na yeye, tangu nilipooa.

Kwa asiyetoka kwetu Usukumani inabidi nieleze kidogo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kupishana. Nikikutana naye njiani, naingia majanini apite. Simpi mkono, sili naye, simtazami usoni. Chumba ninacholala haingii. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa kati yetu, hata kikohozi. Sisemi kila ukoo unashika hivyo, maana nimeona wengine wanakaa na wakwe zao wanapiga soga. Nasema nilivyolelewa mimi, na alivyolelewa yeye. Hakuna chuki ndani yake. Mimi mama yule nilimpenda, ila kwa mbali.

Alikuja kumlea mke wangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba vitatu, kwenye mteremko, katikati ya yale mawe makubwa. Sisi tulikuwa na viwili. Cha tatu alikaa jirani yetu, mama wa Kijita anayeuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Choo kilikuwa kimoja cha wote, chini ya uwanja, na mlango wake ulikuwa wa bati. Bawaba zake hazijawahi kuona mafuta. Ukiufungua unalia mpaka nyumba ya tatu wanajua umekwenda wapi.

Kiwanda chetu cha Nyakato, cha kukamua mafuta ya pamba, kilikuwa kimesimama. Wengine walisema kimeuzwa, wengine walisema kinauzwa, na walikuwepo walioapa kimeuzwa mara mbili. Sisi tuliambiwa twende nyumbani tutaitwa. Basi nikakaa nyumbani. Nilikaa uani juu ya kigoda tangu asubuhi hadi jua linazama, nikigonga majiko ya mkaa kwa mabati ya mitungi mibovu, ili mtoto apate chochote. Kutoka pale kwenye kigoda uwanja wote ulikuwa mbele yangu. Na choo.

Sikufikiri lolote. Nilijiona mtu mzuri anayefanya kazi.

Mtoto alikuwa hajatoka bado kitovu mama alipoanza kutetemeka. Ilikuwa mchana, jua kali, naye alikuwa amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana, na kitanda kikigonga ukuta. Nilisikia nikiwa nje. Mke wangu akatokea mlangoni na mtoto begani.

"Baba mtoto, mama ana malaria."

"Nimesikia."

"Basi usisikie tu. Nenda dukani."

Miaka ile maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuchipua kila kona. Zamani dawa ilikuwa ya zahanati, na zahanati haina. Sasa unapita sokoni unakuta mtu anauza sabuni, betri na klorokwini kwenye kibanda kimoja. Nilileta klorokwini. Mama akanywa, akajikuna usiku na mchana, homa ikapungua, ikarudi. Nikaenda tena. Muuzaji akaniuliza kama mgonjwa anatapika. Nikasema anatapika. Akanipa vidonge vya rangi mbili, vile vyenye unga ndani, kwenye kipande cha gazeti. Niseme haki: alinipa kwa nia njema, na aliniambia vinywewe vyote. Hilo nalikumbuka.

Mama alipoanza kumeza vile vya rangi mbili, homa ilishuka kweli. Siku chache tu, akaamka, akapika uji wa mzazi, akaanza tena kumsema jogoo aliyekataa kuwika mjini. Akaviacha. Vilivyobaki akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka kwenye kikopo cha maziwa ya unga. Kwa mama yule dawa nzuri ilikuwa kama mbegu nzuri, haimalizwi yote, lazima ubakize ya msimu ujao. Mke wangu aliona ni busara. Mimi pia niliona ni busara.

Halafu moto ukarudi, na safari hii haukuja peke yake. Alitembea ameinama upande wa kulia, khanga ameikaza tumboni kwa fundo kubwa. Jirani yetu akasema ni jembe.

"Mama wa watu amelima tangu mkoloni. Kiuno hicho kimelima Magu nzima. Mkandeni na maji ya moto."

Akakandwa. Akashukuru. Kesho yake asubuhi alikuwa hamtambui mjukuu. Alimwita kwa jina la mtoto wake mwingine, aliyekufa zamani. Mke wangu alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi nikashika mlango. Nilifikiri, huyu mama amekuja kuleta uhai nyumbani kwangu, na ataondoka maiti. Nitawaambia nini kwao? Nitauingiaje uwanja wao wa Magu? Hofu yangu ilikuwa hiyo, na naona aibu kidogo kwamba sehemu yake ilihusu mimi na siyo yeye.

Jirani yetu alimpata mtu mwenye pikapu ya kubebea barafu ya samaki. Tukamlaza mama nyuma juu ya magunia yenye unyevu. Jirani akakaa naye, akimshika kichwa, na mimi nikakaa mbele na dereva kwa sababu ya heshima. Kila tuta la barabara nilisikia jirani anasema, "Pole mama, pole, tumefika, tumefika," na tulikuwa bado hata hatujapanda kilima cha hospitali.

Hospitalini jirani alituacha, maana dagaa wake walikuwa wameanikwa na mawingu yalikuwa yanakusanyika ziwani. Simlaumu. Ndiyo riziki yake. Lakini ndipo mambo yalipoharibikia, kama yaliharibika.

Daktari alikuwa kijana wa kutoka Kilimanjaro, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakujua Kisukuma. Mama Kiswahili alikijua cha sokoni, lakini homa ilikuwa imekifuta chote. Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa Bukoba. Alijaribu salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," kisha akatabasamu kwa kuwa hapo ndipo Kisukuma chake kilipoishia. Wakanitazama mimi.

"Wewe ndiye utatafsiri," daktari akasema.

Waliweka pazia. Mimi nikasimama upande wa huku, nikitazama ukuta, na yeye upande wa kule amelala. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Homa tangu lini? Anatapika? Kichwa? Nilipeleka na kurudisha. Kisha daktari akasema, "Muulize, akikojoa anasikia maumivu? Anakwenda mara ngapi? Mkojo una rangi gani?"

Niliendelea kutazama ukuta mpaka daktari akachungulia kutoka nyuma ya pazia.

"Hukusikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Basi uliza."

Nikauliza. Nilifumba macho nikalitamka lile neno kwa Kisukuma, wazi, kama lilivyo, mbele ya mama aliyenizalia mke. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Nilisikia mtu wa kitanda cha pili akigeuka. Kisha mama akasema, polepole na kwa adabu, "Mwambie huko hakuna shida, baba."

Nikasema, "Anasema hakuna shida."

Daktari akamgeuza. Nilisikia akimgonga mgongoni kwa ngumi ndogo, chini ya mbavu, upande huu kisha upande ule. "Hapa panauma? Na hapa?" Nikatafsiri. Jibu lilikuwa hapana. Pote hapana. Niliona kwenye mwanya wa pazia kona ya khanga, na nilidhani ameishika kwa mkono. Baadaye ndipo nikaambiwa alikuwa ameing'ata.

Walimpima damu, na vijidudu vya malaria vilionekana kweli. Vichache, lakini vilikuwepo. Kwa hiyo akilaumiwa daktari mimi nitamtetea. Ana kipimo chenye malaria, ana mgonjwa anayesema haumwi mahali pengine, angefanyaje? Akamwekea dripu ya kwinini, akamlaza wodi ya wanawake.

Nilikwenda kila saa ya kutazama wagonjwa. Nilisimama miguuni mwa kitanda nikiangalia sakafu. Nikimwona kwa pembe ya jicho, shuka lilikuwa limelowa jasho, kisha baada ya muda linatetemeka tena. Kwinini ilimtia mvumo masikioni, akawa hasikii vizuri, na mimi siwezi kumpigia kelele mama mkwe. Muuguzi akisema, "Leo bado imepanda," nabaki najiuliza. Malaria gani hii isiyosikia kwinini? Nyumbani mke wangu ananingoja mlangoni.

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Nimekuuliza anaendeleaje, sijakuuliza kama anaendelea."

Wazee walikuwa wametuonya kwamba mzazi akipata hofu maziwa yanakatika. Nikawa sijui nikae upande upi, wa ukweli au wa maziwa. Nilimwambia nusu. Yeye akajua ni nusu, akaongeza nyingine mwenyewe, na nadhani aliyoongeza ilikuwa mbaya kuliko ile niliyoficha.

Kisha ikaja ile siku ambayo nilichelewa. Kiwandani walikuwa wamebandika tangazo kwamba sote tufike getini. Tulifika, tukasimama juani, akatoka mtu akasema turudi nyumbani tutaitwa. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Nilikuwa nimemwomba jirani yetu aende hospitali badala yangu asubuhi hiyo ampelekee mama uji, naye alikubali akinung'unika kuhusu dagaa.

Nilipopanda ngazi za wodi nilisikia ukelele. "Mayu!" Kwetu ndiyo mama. Mtu mzima akimwita mama yake hivyo, basi ameshikwa pabaya. Na sauti niliitambua, ingawa kwa miaka yote niliyokuwa mkwe wake sikuwahi kuisikia ikipanda. Nilisimama kwenye korido, nimeshika mfuko wa machungwa, nikijua amekufa au anakufa, na siwezi kuingia kwa sababu huenda hajavaa. Mpaka leo najiuliza, ningeingia? Kama kweli alikuwa anakata roho pale ndani, mimi ningeendelea kusimama nje na machungwa? Sijui. Ningependa kusema ningeingia.

Daktari akatoka. Alikuwa anatembea haraka, uso umebadilika, lakini haukuwa uso wa msiba.

"Wewe," akasema, "kwani ni mtoto wake?"

"Mkwe, daktari. Nimemwoa bintiye."

Halafu akashika kichwa chake. "Nimekufanya utafsiri," akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Katika mzunguko wa asubuhi homa ilikuwa bado juu, na daktari akaamua kumpima upya toka mwanzo. Akauliza nani atatafsiri, jirani yetu akasema Kisukuma anakijua cha kununulia mchele na cha kutukania wezi, kitatosha. Akauliza swali lile lile. Mama akatazama mlangoni kwanza, akauliza, "Baba yupo?" Akaambiwa hayupo. Ndipo akafungua kinywa. Kwamba inaunguza kama pilipili. Kwamba imekuwa kama maji ya kuoshea mchele, na inanuka. Kwamba upande wa kulia, ndani kabisa, kuna kitu kinapiga kama moyo wa pili. Daktari akagonga chini ya mbavu, na ule ndio ukelele nilioukuta.

Mkojo ulipimwa, ukakutwa umejaa usaha. Wakampima sukari, hana. Akapelekwa kwenye chumba cha mashine ya kutazama tumboni. Jirani aliingia naye. Alitoka akaniambia ni kama televisheni inayonyesha mvua, na wamempaka mama uji baridi tumboni, "na mama akasema kama mnapika, pikeni basi mtu ale." Tukacheka sote wawili pale kwenye benchi, kicheko kibaya cha watu wenye hofu.

Daktari alinionyesha picha. Mimi niliona giza ndani ya giza. Yeye akazungusha kidole.

"Hii ni figo ya kulia. Hapa katikati ilipaswa kuwa nyama. Hili duara ni usaha. Ni jipu, sawa na jipu la mguuni, ila liko ndani ya figo."

"Ukubwa wake?"

"Kama yai la kuku. Dogo kidogo."

Nilimwuliza kama atakufa. Hakukwepa. Alisema jipu la namna hiyo likiachwa linaweza kupasuka, au sumu yake ikaingia kwenye damu, na hapo hana la kuniahidi. Lakini kwa ukubwa ule, huenda dawa peke yake ikalimaliza. Ataanza sindano za mshipani, aina mbili, zenye nguvu, na kila moja ina saa yake. Watalitazama tena kwenye mashine. Likiwa limepungua, wanaendelea na dawa. Likigoma, itabidi waingize sindano ndefu mgongoni wautoe usaha, au apasuliwe.

"Vile vidonge vya dukani?" nikauliza. Nilikuwa nimemweleza habari ya rangi mbili na kikopo.

"Vilifunika moto, havikuuzima."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu yote, bila nusu. Sikuweza kubeba tena peke yangu. Alinisikiliza mtoto akinyonya. Alipomaliza kusikiliza aliinuka, akakichukua kile kikopo cha maziwa ya unga, akaenda kukimwaga chooni. Mlango ulilia. Maziwa hayakukatika.

Siku zile za sindano sitazieleza vizuri, maana hofu inafanya siku zifanane. Dawa moja kati ya zile mbili haikuwepo hospitalini, nikaifuata mjini duka hadi duka, nikiwa nimeishika chupa tupu kama mfano ili nisiuziwe kitu kingine. Nilikuwa nikisikia wimbo wa saa redioni nawaza, sasa ndiyo ya mchana, je, muuguzi amekumbuka? Alikumbuka. Nilimkuta yule mama wa Bukoba ameandika saa kwa wino kwenye kiganja chake mwenyewe.

Katikati ya siku hizo akafika mjomba wa mke wangu, kaka yake mama, kutoka Magu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitikia marahaba bila kukaa.

"Nasikia mnamdunga kila siku kama ng'ombe wa chanjo."

"Ni dawa ya jipu, mjomba. Liko ndani."

"Jipu lililo ndani umeliona wewe?"

Nikasema nimeliona kwenye picha. Akauliza nililionaje. Nikasema niliona giza. Akatikisa kichwa. Alitaka amrudishe nyumbani, kuna mtu wa kumchanja ubavuni na kumpaka dawa. Na asidhaniwe alikuwa mtu mbaya. Mke wake mwenyewe alipasuliwa hospitali moja ya mbali, hakuamka. Alikuwa anamwona dada yake analazwa kwenye meza ile ile. Mimi nani wa kumjibu mjomba mtu? Tena moyoni nusu yangu ilikuwa upande wake, kwa sababu homa ilikuwa bado haijashuka. Kama angekaza neno jioni ile, nadhani ningekwenda kutafuta gari.

Mke wangu alitoka chumbani. Mzazi hakupaswa kusimama mbele ya mjomba wake na kubisha.

"Mjomba, picha ya pili bado. Ikitoka vibaya, mchukue. Nitamfungia mizigo mwenyewe. Ikitoka vizuri, utakula jogoo wake."

Mzee alimtazama. "Yule jogoo bado hamjamla?"

"Tunamngoja mwenyewe."

Akakaa. Alingoja nasi, amejikunyata kwenye kona na kofia yake magotini, na sikumsikia tena akitaja chale.

Homa ilishuka taratibu, kwa namna isiyoaminika. Siku moja muuguzi alisema imepungua, nikasema nitaamini kesho. Kesho ilipanda jioni kidogo, nikaona tumekwisha. Kesho yake haikupanda. Mama aliomba samaki. Nilisikia kwa masikio yangu akimwambia jirani kwamba uji wa hospitali unafaa kubandikia matangazo. Lakini daktari alisema homa kushuka ni dalili tu, lazima tulione lenyewe.

Siku ya picha ya pili nilikaa nje na mjomba. Mashine ilikuwa upande wa pili wa mlango, na mlango ule ulikuwa mzito, hausemi chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno "kupasua" hata nikawa nalisikia kila mtu akipita. Jirani, aliyekuwa ameingia na mama, alipotoka alitukuta tumesimama wote wawili, na hatukumbuki tulisimama saa ngapi.

"Yai limekuwa haragwe," akasema.

Mjomba alikaa chini, sakafuni, siyo kwenye benchi.

Haikwisha hapo. Daktari alisema lililobaki lazima limalizwe, mama akaendelea na sindano, kisha akapewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, vya wiki nyingi. Vimalizike vyote, akasema, hata akiwa anacheza ngoma. Kisha akanitazama mimi. Anywe maji mengi kila siku. Na asijizuie. Akisikia haja, aende hapo hapo.

"Kwani alikuwa anajizuia?" nikauliza.

Daktari akamtazama jirani, na jirani akanitazama mimi.

"We baba," akasema, "unakaa pale uani kutwa na nyundo yako kama trafiki wa barabarani. Mama wa watu atapitaje? Tangu amekuja hanywi maji, anangoja ukalale ndipo aende. Na ule mlango unavyopiga mbiu!"

Nilihesabia nyuma, nikatafuta siku hata moja ambayo nilimwona mama akivuka ule uwanja, au niliusikia mlango ukilia kwa ajili yake mchana. Sikuipata. Nilimwuliza daktari kama hicho ndicho kilichokaribia kumwua. Alisema huenda kilichangia, hawezi kuapa, wapo wanaopata jipu la figo wakiwa na choo chao na uwanja wao. Nimelishika jibu hilo mara nyingi. Kuna siku linanitosha na kuna siku halinitoshi. Mama naye hakunilaumu, na mimi sijamlaumu, na desturi yetu siwezi kuilaumu kwa moyo wote, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kumheshimu.

Alirudi Igogo amekonda, khanga inamzunguka mara mbili. Jogoo alichinjwa, mjomba akala paja. Mke wangu aliweka jagi la maji karibu na kitanda cha mama na kulijaza kila linapopungua. Nikapendekeza niutie mafuta ule mlango ili usilie. Mke wangu akasema acha.

Na mimi nikakihamisha kigoda. Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, ukipanda unaona ziwa na paa za Igogo zote, lakini uwanja wetu huuoni. Nikapeleka majiko yangu kule. Nilikaa nimeupa uwanja mgongo, nikigonga taratibu ili nisikie. Mara ya kwanza ule mlango ulipolia asubuhi, jua likiwa juu, niliacha kugonga. Nilisikia unafungwa. Baadaye ukalia tena, na nyayo zikapanda polepole kurudi ndani.

Mpaka alipopona na kwenda zake Magu nilikaa pale juu kila siku. Watu walidhani natafuta upepo. Ukipita muda mrefu mlango haujalia, mikono yangu ilianza kuwa mizito, bati halikunjiki, na ile hofu ya korido inarudi kunikaa kifuani. Nilikuwa namwita mke wangu kwa kisingizio chochote, naomba maji ya kunywa.

"Ya kwako au ya mama?" alikuwa ananiuliza kutoka chini.

"Mpe mama kwanza."

Kisha nangoja, mgongo kwa nyumba, macho ziwani, mpaka bati la mlango lilie.